Kondakta Anapoita "Kariakoo"

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Nanyi vijana mliojaza viti hadi mlangoni, marahaba, na ahsanteni kwa kuja na jua lote hili.

Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya Dar es Salaam iliyojificha mitaani. Ningeweza kuanza na Sultani Majid na bandari yake, au na makanisa ya Wajerumani kule mbele ya bahari. Hayo mmeyasoma shuleni. Leo naomba tutembee. Tunaanzia Sanamu ya Askari pale Samora, tunapita Mnara wa Saa, tunakata Mnazi Mmoja, tunaingia Kariakoo. Kwa mwendo wa kawaida ni dakika ishirini na kitu. Nimeifundisha historia darasani miaka mingi, na nawaambieni kweli kwamba kipande hicho cha njia kina mambo ambayo sikuwahi kuyamaliza.

Haya, tusimame kwenye sanamu.

Mnamjua yule askari. Kila siku mnapita pembeni yake mkiwahi kazini. Ameinama kidogo kwa mbele, bunduki ameishika kwa mikono miwili, na singe yake imeelekea bandarini. Ni askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa upande huu. Aliyemchonga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, na aliwekwa pale mwaka 1927. Ana ndugu zake Nairobi na Mombasa, kazi ya mkono uleule, kumbukumbu ya vita ileile ya 1914 hadi 1918.

Wengi hatuvuki barabara kumwendea. Siku moja mwaka juzi nilivuka. Nilikuwa nimesimama nasoma maandishi ya kwenye nguzo, akaja kijana anayeuza kava za simu, kaning'iniza bidhaa zake kwenye ubao kifuani. Akaniuliza, "Mzee, unasoma nini hapo?" Nikamwambia, "Njoo tusome wote." Maandishi yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu watu wengi wa pwani waliojua kusoma wakati huo walisoma hizo. Tukasoma pamoja polepole. Panasema kwamba huu ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wengine wote waliotumika na kufa. Kisha panamalizia kwa kusema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Yule kijana akazunguka nguzo. Akaitazama michoro ya shaba ya pembeni, wapiganaji na wabeba mizigo. Akazunguka tena. Halafu akaniuliza, "Sasa mzee, majina yako wapi?"

Wanangu, nimesimama mbele ya madarasa mangapi, na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza swali zuri kama lile. Kwa maana hakuna. Jiwe linaahidi kwamba jina litakumbukwa, na juu ya jiwe hakuna jina hata moja.

Maneno yale yalitungwa na mshairi Mwingereza Rudyard Kipling. Mtoto wake wa kiume, John, alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, na baba akafa bila kujua kaburi la mwanawe liko wapi. Kwa hiyo alikuwa anajua uchungu wa jina lisilo na kaburi. Lakini huko Ufaransa, askari Mwingereza ambaye mwili wake haukuonekana aliandikwa jina lake ukutani, pamoja na kikosi chake. Mpagazi wetu hakuandikwa.

Naomba nikae kidogo hapa kwenye habari ya wapagazi, maana ndiyo inayotufikisha Kariakoo.

Vita ile ilipiganwa katika nchi ambayo sehemu kubwa ilikuwa na mbung'o. Ng'ombe wa kuvuta mikokoteni walikufa, farasi walikufa, nyumbu wakafa. Reli zilikuwa mbili tatu tu, na mvua ikinyesha gari halipiti. Ikabaki kichwa cha mtu. Mtu mmoja alitwikwa ratili kama hamsini za unga, risasi au vyombo vya hospitali, akatembea. Lakini mpagazi naye anakula. Jeshi likisogea mbali na reli mwendo wa siku kumi, lazima wawepo wapagazi wa kubeba chakula cha askari, na wapagazi wengine wa kubeba chakula cha hao wapagazi wa kwanza, na nyuma yao wengine tena. Hesabu ilipanda namna hiyo mpaka upande wa Mwingereza peke yake ukachukua watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita nzima. Wachache walikwenda kwa hiari. Wengi walikamatwa vijijini. Mjerumani naye alikuwa na wake, na alipokuwa akirudi nyuma kuelekea kusini aliwachukua watu pamoja na chakula kilichokuwa ghalani.

Waliouawa kwa risasi hawakuwa wengi. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na nimonia. Mtu aliyezoea ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi, hana muda wa kuupika ukaiva wala sufuria ya kutosha, akala nusu mbichi, tumbo likaharibika, na kesho yake mzigo ni uleule. Waliokufa ni makumi kwa makumi ya maelfu.

Makaburi yao? Pale barabara ya Ali Hassan Mwinyi, zamani tukiita barabara ya Bagamoyo, yapo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, nyasi zimekatwa vizuri, mawe yamepangwa kwa mstari. Zamani yalikuwa Ocean Road. Mwaka 1968 ilipotakiwa kupita barabara mpya, makaburi 660 yakahamishwa kutoka huko. Mpagazi aliyefia njiani hakuhamishwa, kwa sababu hakuwa na pa kuhamishwa kutoka. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi hadharani. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na baadhi yao huenda hawakukumbukwa kabisa. Tofauti kati ya 116,000 na 350,000 ni watu zaidi ya laki mbili. Tafadhali msiisikie kama hesabu. Kila mmoja alikuwa na mama aliyempa jina.

Tusiondoke bado kwenye sanamu. Wazee wa mjini mnakumbuka sanamu ile ilivyoitwa zamani? Naona Mzee pale anacheka. Bismini! Bibi akikutuma mjini anakwambia, "Ukifika Bismini kata kushoto." Bismini ni nani? Mimi nalisikia ndani yake jina la Wissmann, lilivyozungushwa na ulimi wa Mswahili. Kwa maana kabla ya askari huyu palikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, ofisa wa Kijerumani aliyeletwa mwaka 1889 kuzima vita ya Abushiri pwani, baadaye akawa gavana. Wissmann alisimama juu. Chini, miguuni pake, alikuwepo askari Mwafrika anamtazama kwa kuinua kichwa, na bendera ya Ujerumani ikimwangukia simba aliyekufa. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliing'oa sanamu ile na kuipeleka kwao kama ngawira. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967, ikainuliwa, wakaiangusha tena 1968. Haikuinuliwa tena.

Kwa hiyo mahali palepale tuliona Mwafrika amesimama chini akimtazama bwana wake, halafu tukaona Mwafrika amesimama peke yake juu. Na watu wa mji wakaendelea kumwita kwa jina la bwana wa kwanza. Nimewahi kusikia watu wakitaka sanamu ile iondolewe kwa kuwa ni ya wakoloni. Naheshimu hoja yao, lakini mimi sikubaliani nayo. Yule ndiye Mwafrika wa kwanza kusimamishwa juu ya nguzo katikati ya mji huu. Abaki. Kilichokosekana ni majina, na majina huongezwa.

Sasa tutembee, na hapa tutakwenda haraka. Samora yenyewe ilikuwa Barabara ya Uhuru kwa Kiingereza chake, na kabla ya hapo ilichukua jina la miti ya mikakaya, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani pia. Sasa ni ya Samora Machel, aliyeishi mji huu enzi za FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa hapahapa Dar es Salaam Juni 1962. Mnara wa Saa ni wa 1961, ukumbusho wa kupewa hadhi ya jiji. Tunavuka barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyewaingiza kina mama TANU kwa maelfu, akahukumiwa kwa uhaini, akafungwa, akaachiwa mwaka 1972. Leo magari yanapita juu ya jina lake mchana na usiku, na ni heshima aliyostahili.

Mnazi Mmoja tusimame. Uwanja ule mnaofanyia mikutano na kupumzikia chini ya miti haukuachwa wazi kwa bahati. Mji uligawanywa. Upande wa bahari nyumba za Wazungu, katikati majumba ya biashara ya Wahindi, na ng'ambo nyumba za Waafrika za udongo na makuti. Waingereza wakaacha eneo tupu la kutenganisha mji wa Wahindi na mji wa Waafrika, kwa hoja ya afya. Ndilo hilo. Na ule mgawanyo haukuondoka midomoni. Mpaka leo mtu anasema, "Nakaa uswahilini," na kila mmoja anaelewa aina ya nyumba, vichochoro na maji ya bomba yanayotoka usiku. Uzunguni na uswahilini vilikuwa mistari kwenye ramani ya ofisa mmoja. Wapangaji wa mji walikufa zamani, sisi bado tunazungumza kwa ramani yao.

Ukivuka uwanja unaikuta Lumumba, zamani New Street. Hapo ndipo African Association, chama cha Waafrika kilichoitangulia TANU, walipojenga ofisi yao kwa kujitolea miaka ya 1930, na ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Hilo mnalijua, ndiyo Sabasaba. Lakini nataka niwaoneshe uzi unaotoka hapa na kurudi mpaka kwa Bismini.

Wissmann alipokuja 1889 hakuwa na jeshi la Wajerumani. Alikodi Wasudani kutoka Misri, na Wazulu kutoka Inhambane, Msumbiji. Miongoni mwa hao Wazulu alikuwemo mtu aliyeitwa Sykes Mbuwane. Alipata mtoto Pangani mwaka 1894, na mtoto akapewa jina la ofisa wa Kijerumani, Kleist. Baba akafariki mtoto akiwa mchanga. Kleist akalelewa na mkubwa wa Wazulu wenzake, Effendi Plantan, akakua, akaingia jeshi la Mjerumani, akapigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita ile. Vita ilipokwisha akafanya kazi reli kwa Mwingereza. Mwaka 1924 alikuja hapa msomi Mwafrika kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, Dk. James Aggrey. Wakazungumza, na Aggrey akamhimiza aunde chama cha Waafrika. Chama hicho, ndiyo ile African Association, kikaundwa 1929. Mtoto wa Kleist ni Abdulwahid Sykes, aliyepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, akarudi, akawa mkuu wa soko la Kariakoo, na alikuwa miongoni mwa waliokaa New Street siku TANU inazaliwa.

Mmeuona uzi? Askari wa kukodi aliyeletwa na Wissmann kuwapiga watu wa pwani ndiye babu wa mtu aliyekaa kitako kuunda chama cha kumng'oa mkoloni. Vizazi vitatu tu. Na hao wote wako mtaani. Mtaa wa Aggrey upo palepale Kariakoo, mnanunulia vipuri vya simu. Mtaa wa Kipata sasa unaitwa Kleist Sykes. Kijana wa duka anaandika "Aggrey" kwenye risiti mara mia kwa siku. Nimewauliza wengi Aggrey ni nani. Mmoja aliniambia alikuwa Mhindi mwenye nyumba. Sikumlaumu, nikakaa naye kwenye ngazi ya duka nikamsimulia, na wateja wawili wakabaki kusikiliza.

Tumefika sokoni.

Wajerumani walikata viwanja hapa katika lililokuwa shamba, wakajenga jengo kubwa la soko la kumsherehekea mfalme wao, Kaisari Wilhelm. Vita ikaingia kabla soko halijaanza. Waingereza walipouteka mji walilitumia jengo kama kambi ya jeshi la wapagazi. Jeshi hilo liliitwa Carrier Corps. Litamkeni haraka, kama mtu aliyelisikia kwa mzungu anayefoka. Kariakoo. Nairobi nao walilisikia vilevile kwa namna yao, wakabaki na Kariokor. Mwaka 1923 jengo likawa soko kama lilivyokusudiwa, lakini jina halikurudi nyuma. Jengo lenyewe likaja kubomolewa, Beda Amuli akachora lile jipya lenye paa la miavuli ya zege, likafunguliwa 1975. Julai 2021 likaungua. Majengo yamekuja na kuondoka, jina limebaki.

Hapa ndipo namjibu yule kijana wa kava za simu. Aliniuliza majina yako wapi. Majina ya mtu mmoja mmoja sikuwa nayo. Lakini la kikosi chao lipo, na hakuna aliyelichonga. Serikali ya mkoloni haikuamuru mahali hapa paitwe kwa heshima ya wapagazi. Watu wa kawaida, waliokuwa wanawaona ndugu zao wakiingizwa kwenye lile jengo kuandikishwa na kugawiwa blanketi, ndio waliopaita hivyo, na wakapaita tena na tena mpaka likawa jina. Kondakta anayening'inia mlangoni asubuhi anaita "Kariakoo, Kariakoo, Kariakoo" kwa sauti ya kukauka, na bila kujua anawaita wao.

Ninalo ombi, na ndilo lililonileta mbele yenu. Soko sasa limejengwa upya. Sijaona sababu ya kukosekana ukuta mmoja pale, hata mdogo, hata karibu na geti la nyanya, wa kuandika majina ya wapagazi yanayofahamika. Msiniambie hayafahamiki. Yapo kwenye nyumba zenu. Yapo kwa bibi aliyesimuliwa na mama yake juu ya mjomba aliyechukuliwa wakati wa vita ya Mjerumani na hakurudi. Yapo kwa mtu wa Songea, wa Dodoma, wa Tabora, wa Unyakyusa, anayefanya biashara hapahapa Kariakoo. Kaulizeni wiki hii. Usimuulize mzee "vita kuu ya kwanza," hatakuelewa. Muulize nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo. Andika jina, jina la baba yake, na kijiji. Hata kama ni jina moja tu bila la baba, andika. Tukipata hamsini tutakwenda nayo kwa wahusika, na mimi nitatangulia mbele kwa miguu yangu.

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa kwenye Sanamu ya Askari. Atakayekuja tutaitembea njia hii yote hadi sokoni. Njooni na viatu vya kutembelea na daftari. Tukifika Kariakoo tutasimama pembeni, tuwapishe wabeba mizigo, maana saa hiyo ndiyo wanashusha marobota na mtu hana nafasi ya kukuomba njia mara mbili. Kwetu lipo jina moja, la kaka yake babu yangu. Bibi yangu alikuwa analitaja kila akiwaombea dua wafu wa nyumba, na mimi sijawahi kulitamka mbele ya watu. Nitalitamka kesho, palepale.